Unataka kufungua mgahawa wa kahawa? Hesabu vikombe kabla ya kulipia fremu

Mgahawa wa kahawa unaonekana biashara rahisi kuianza. Kahawa ipo shambani, maji yapo, sukari ipo dukani, na mjini fremu hazikosekani. Ndiyo maana kila msimu wa mauzo ukipita, kuna watu katika miji yetu ya kahawa, iwe Mbinga, Vwawa, Mlowo au Tukuyu, ambao huchukua fedha ya mavuno au ya kikoba wakaingia kwenye biashara hii kwa mara ya kwanza. Wasikilizaji wengi wanaotuuliza huanza na swali la mashine: ninunue ipi?

Swali la mashine lina jibu na tutalifikia. Lakini kuna mawili yanayolitangulia. La kwanza: watu wa mji wako watanunua vikombe vingapi kwa siku? La pili: vinahitajika vingapi ili kodi ya pango ilipwe, msaidizi alipwe, na wewe mwenyewe upate chakula? Ukiwa na namba hizo mbili unaweza kuamua. Usipokuwa nazo, unacheza bahati nasibu kwa fedha ya shamba.

Makala hii inaeleza jinsi ya kuzipata namba hizo, kisha inapitia fremu, kahawa yenyewe, vifaa, vibali na mtaji. Bei zote za mfano ni za kufanyia hesabu tu. Weka za kwenu.

Tunalima kahawa, tunakunywa chai

Mkoani Kagera, Wahaya walikuwa na kahawa yao tangu zamani, kabla ya wakoloni. Buni zilichemshwa pamoja na majani yenye harufu, zikakaushwa, zikatafunwa, na mgeni akikaribishwa alipewa buni mkononi. Kilimanjaro kahawa ililetwa na wamisionari wa Kikatoliki wa Kilema mwishoni mwa karne ya 19. Katika maeneo mengi ya nchi, kahawa ilienea kama zao la kuuza. Mkulima anavuna, anapeleka kwenye chama cha msingi, AMCOS, kahawa inakwenda mnadani na kutoka hapo inasafirishwa nje.

Matokeo yake unayajua. Nyumba yenye mibuni 1,000 asubuhi inateleka chai. Kahawa inayofahamika zaidi ni ile ya unga wa kopo inayoyeyuka kwenye maji ya moto, kama inayotengenezwa na kiwanda cha Tanica pale Bukoba. Ethiopia mambo ni tofauti: karibu nusu ya kahawa yao wanainywa wenyewe, na kumwandalia mgeni kahawa ni sehemu ya heshima ya nyumba.

Kwa mfanyabiashara maana yake ni hii: katika mji wa wakulima wa kahawa, mnywaji wa kahawa ni lazima umtengeneze. Mazoea hujengwa kwa miezi, na kodi ya fremu haisubiri mazoea. Moshi kuna mgahawa unaojulikana wa Chama Kikuu cha Ushirika cha KNCU, lakini Moshi ina watalii wanaopanda mlima. Usiuchukue mgahawa wa Moshi ukaupandikiza Mlowo ukidhani wateja watakuja na hema zao.

Anza na dele

Watu wa Pwani walishalitatua tatizo la mtaji mdogo zamani. Muuza kahawa wa Pwani ana dele lake la shaba juu ya jiko la mkaa, vikombe vidogo visivyo na masikio, ndoo ya maji ya kuoshea, na sinia la kashata. Kahawa ni chungu na mara nyingi ina tangawizi. Anakaa kibarazani au anazunguka, na kijiwe kinamjia. Hana fremu wala bango.

Njia hiyo ndiyo kipimo chako. Kabla ya kulipia chochote kikubwa, uza kahawa kwa dele au kwa chupa za chai kwa wiki nne. Omba ruhusa kwa mtendaji wa mtaa au wa kata ili usifukuzwe siku ya tatu. Badilisha mahali: wiki ya kwanza stendi, ya pili karibu na ofisi za halmashauri au hospitali, ya tatu kwenye gulio, na ya nne mbele ya fremu unayoitamani.

Kila siku andika kwenye daftari mambo matano: tarehe, hali ya hewa, vikombe ulivyouza, saa ulizouza zaidi, na aina ya mnunuzi. Dereva anataka kahawa chungu saa kumi na moja alfajiri. Mwalimu anataka ya maziwa saa nne. Wazee wa kijiweni wanataka jioni, wakibishana mpira na siasa. Angalia pia nani haji. Vijiwe vingi vya kahawa ni vya wanaume, na wanawake wengi hawakai pale. Mgahawa wenye viti visafi, choo safi na kahawa ya maziwa unaweza kuwapata wanawake ambao kijiwe hakijawahi kuwapata.

Kuna mambo mawili yanayodanganya katika kipimo hiki.

La kwanza ni ukubwa na bei. Kikombe cha kijiweni ni kidogo sana, na mtu anayelipa shilingi 200 kwa kikombe hicho si lazima alipe 1,000 kwa kikombe kikubwa. Kwa hiyo wiki ya mwisho leta vikombe vya ukubwa wa mgahawani na uuze kwa bei ya mgahawani. Namba ya wiki hiyo ndiyo uitumie kwenye hesabu.

La pili ni msimu. Kusini mavuno huanza katikati ya mwaka, na fedha ya kahawa inapoingia mji mzima unachangamka. Ukipima mwezi huo utadhani umepata mgodi. Rudia kipimo angalau wiki mbili kati ya Januari na Machi, wakati ada za shule zimeshamaliza mifuko na watu wanasubiri mazao. Mgahawa unaoweza kulipa kodi mwezi wa Februari utalipa kodi mwaka mzima.

Hesabu ya kikombe kimoja

Kipimo kinachotumika na wengi duniani ni takriban gramu 60 za kahawa ya kusaga kwa lita moja ya maji. Kikombe cha mililita 200 kinakula gramu 12. Kilo moja ya kahawa iliyokaangwa inatoa vikombe 83. Toa vinavyomwagika na vya kuonja, bakiza 80.

Chukulia kilo ya kahawa iliyokaangwa umeipata kwa shilingi 24,000. Gawanya kwa 80, kila kikombe kina kahawa ya shilingi 300. Sukari tuweke 50, maji na gesi 50. Kahawa chungu imekugharimu 400. Ya maziwa ongeza mililita 100 za maziwa. Lita ikiwa 2,000, hiyo ni 200. Jumla 600.

Ukiuza chungu kwa 1,000, zinabaki 600. Ukiuza ya maziwa kwa 1,500, zinabaki 900. Kama wateja wako wamegawanyika nusu kwa nusu, wastani wa kinachobaki ni shilingi 750 kwa kikombe. Hiyo 750 ndiyo inayolipa kila kitu kingine. Wengi wanakosea hapa: wanaona noti ya 1,000 mkononi na kuihesabu yote kuwa ni yao.

Vikombe vingapi kwa siku?

Sasa orodhesha gharama za mwezi ambazo zipo hata siku ambayo hakuna mteja aliyeingia. Mfano wetu:

- Kodi ya fremu: 120,000
- Msaidizi wa nusu siku: 150,000
- Umeme na maji: 60,000
- Leseni, taka na ushuru, ukigawanya kwa mwezi: 30,000
- Akiba ya vikombe kuvunjika na matengenezo: 40,000
- Ujira wako mwenyewe: 200,000

Jumla ni 600,000. Gawanya kwa 750, unapata vikombe 800 kwa mwezi. Ukifungua siku 26, ni vikombe 31 kila siku.

Sasa rudi kwenye daftari la dele. Kama wiki ya mwisho ulikuwa unauza vikombe 35 vya bei ya mgahawani, una nafasi. Kama uliuza 20, tazama kinachotokea: vikombe 520 kwa mwezi vinaleta 390,000, na gharama ni 600,000. Pengo ni 210,000. Ujira wako wote umekwenda, na elfu kumi nyingine umetoa mfukoni. Utafanya kazi kutwa, mlango uko wazi, watu wanakusalimia kwa jina la biashara, na wewe hulipwi.

Wapo wanaojibu pengo hilo kwa kushusha bei. Ukishusha kahawa chungu kutoka 1,000 hadi 700, wastani wa kinachobaki unashuka hadi 600, na vikombe vinavyohitajika vinapanda kutoka 31 hadi 39 kwa siku. Jiulize kama punguzo hilo litaleta wateja wanane wapya kila siku.

Vitafunwa husaidia zaidi. Wateja 20 kwa siku wakinunua chapati au andazi, na kila kimoja kikikuachia shilingi 200, unapata 104,000 kwa mwezi. Vikombe vinavyohitajika vinashuka kutoka 31 hadi 26. Kama hujui kupika, ingia makubaliano na mama anayechoma vitumbua jirani: alete asubuhi, muuze, mgawane.

Weka pia nafasi ya bei ya kahawa kupanda. Bei ya arabika duniani huwekwa kwenye soko la New York, na ukame au baridi kali Brazil hufika hadi kwenye kikombe chako. Februari 2025 bei hiyo ilivuka dola 4 kwa ratili, kiwango ambacho hakikuwahi kufikiwa. Mkulima alifurahi, mwenye mgahawa aliumia. Katika mfano wetu, kilo ikipanda kutoka 24,000 hadi 32,000, unahitaji vikombe 36 kwa siku badala ya 31.

Fremu: soma mkataba, hesabu miezi

Wenye fremu wengi hudai kodi ya miezi sita au mwaka kwa mkupuo. Kwa fremu ya 120,000, miezi sita ni 720,000. Kama mtaji wako wote ni milioni mbili, zaidi ya theluthi imeondoka kabla hujachemsha maji. Jaribu kuomba miezi mitatu ya mwanzo, hata kama utaongezewa kidogo kwa mwezi.

Kabla ya kusaini, nenda kwenye fremu hiyo mara tatu: alfajiri, saa saba mchana na jioni. Simama nusu saa, hesabu watu wanaopita kwa miguu. Angalia maji yanatoka siku gani, Luku ni yako peke yako au mnagawana na saluni, choo kiko wapi, na mvua ikinyesha maji yanaelekea wapi. Waulize majirani nani alikuwa hapo kabla yako na aliondoka kwa sababu gani. Dalali hatakwambia.

Mkataba uwe wa maandishi, useme kodi ni kiasi gani, inaweza kupanda lini, na ukiondoka rafu, sinki na nyaya ulizoweka ni za nani. Kuna jambo jingine ambalo wapangaji wapya huligundua wakiwa wamechelewa: sheria ya kodi inamtaka mpangaji wa biashara akate asilimia 10 ya kodi ya pango na kuiwasilisha TRA kwa niaba ya mwenye nyumba. Kwa fremu ya 120,000, hiyo ni 144,000 kwa mwaka. Kama umeshamkabidhi mwenye fremu fedha yake kamili, itatoka kwako. Lizungumzeni kabla ya kusaini, liandikwe.

Kahawa utaipata wapi

Mkulima anayefungua mgahawa husema: kahawa si ninayo? Hapa pana sheria. Biashara ya kahawa nchini inasimamiwa na Bodi ya Kahawa Tanzania, yenye makao yake Moshi, chini ya Sheria ya Tasnia ya Kahawa ya mwaka 2001. Kahawa ya wakulima hukusanywa kupitia AMCOS. Kununua kahawa mbichi kwa jirani usiku, au kumkopesha fedha kahawa ikiwa bado juu ya mti, ile inayoitwa butura kule Kagera, ni kosa, na mzigo unaweza kukamatwa. Tena butura humfanya mkulima auze kwa bei ya shida.

Kwa mgahawa wa kwanza njia iliyo nyepesi ni kununua kahawa iliyokwisha kukaangwa kutoka kwa mkaangaji mwenye leseni. Agiza kidogo, kilo tatu au tano, mara kwa mara. Ukitaka kukaanga mwenyewe, hata kahawa ya shamba lako, nenda kwanza ofisi ya Bodi ya kanda au muulize ofisa kilimo na viongozi wa AMCOS yako ni kibali gani kinahitajika.

Zijue pia hesabu za upotevu. Kahawa mbivu kilo tano hadi sita za arabika hutoa kilo moja ya kahawa safi iliyokobolewa. Kahawa safi kilo moja ikikaangwa hubaki gramu 800 hadi 880, kwa sababu maji yake yameondoka. Anayekwambia kukaanga mwenyewe ni bure hajapima.

Kukaanga, kusaga, maji

Kama utakaanga, chambua kwanza. Toa buni nyeusi, zilizotobolewa na wadudu, zilizovunjika na zenye ukungu. Moja iliyooza inaharibu birika zima. Kaanga kwa moto wa wastani ukigeuza bila kuacha. Utasikia buni zikipasuka kama bisi ndogo. Huo ndio mlio wa kwanza. Ukiipua muda mfupi baada ya hapo, kahawa ina ladha yake ya shamba. Wengi nyumbani hukaanga mpaka iwe nyeusi kama mkaa, na hapo kahawa nzuri na mbaya zinafanana: zote chungu. Ikitoka motoni ipoze haraka kwa kuipepeta kwenye ungo, kisha iache siku moja au mbili itoe hewa yake kabla ya kuifungia vizuri.

Saga ile ya siku hiyo tu. Kahawa ikishasagwa harufu yake huondoka haraka. Ihifadhi kwenye chombo kisichopitisha hewa, mbali na vitunguu, sabuni na mafuta ya taa. Usiipeleke kwenye mashine ya mahindi. Itarudi na ladha ya unga na mashine itabaki na harufu ya kahawa, mkosane na mwenye mashine.

Maji yasiyo na ladha nzuri hayatoi kahawa nzuri. Kama ya bomba yana dawa nyingi, yaweke kwenye ndoo wazi usiku kucha au yachuje. Joto linalofaa ni kati ya nyuzi 90 na 96. Mabondeni huambiwa wasubiri kidogo maji yakishachemka. Sisi wa nyanda za juu tuna nafuu: kwenye mwinuko wa mita 1,500 maji huchemka karibu nyuzi 95, kwa hiyo ukiipua birika unaweza kumimina.

Usiwalazimishe wateja wapya kunywa kahawa chungu. Aliyezoea chai ya maziwa mpe kahawa ya maziwa yenye tangawizi au hiliki. Akishaizoea, ataanza mwenyewe kupunguza sukari na kuuliza kahawa hii imetoka kijiji gani.

Mashine: ipi sasa, ipi isubiri

Vifaa vya kuanzia ni hivi: jiko la gesi na mtungi, birika mbili, mashine ndogo ya kusaga, mzani mdogo wa gramu, vichujio au presi za kioo, chupa za chai, vikombe, na sinki lenye maji yanayotiririka. Ukiwa na fedha ya kununua kitu kimoja kizuri, nunua mashine ya kusaga. Kahawa iliyosagwa sawasawa ina ladha nzuri hata ikichujwa kwa kitambaa safi. Iliyosagwa ovyo huharibika hata kwenye mashine ya mamilioni.

Mashine ya espreso isubiri. Kazi yake ni kusukuma maji ya moto kwa nguvu kubwa, karibu mara tisa ya mgandamizo wa hewa, kupitia gramu 18 hivi za kahawa laini kwa sekunde 25 hadi 30. Ya biashara hutaka umeme mwingi, nyaya zinazofaa, maji safi na fundi anayeijua. Umeme ukikatika huna kahawa. Mpira wake ukichakaa, fundi na kipuri huenda vipo Mbeya au Dar es Salaam.

Ifanyie hesabu pia. Tuseme umeipata iliyotumika kwa milioni nne. Vikombe 31 vya kila siku tayari vina kazi yake. Mashine itabidi ilete vikombe vya ziada. Ikileta kumi zaidi kwa siku, hiyo ni 195,000 kwa mwezi, na itachukua zaidi ya miezi 20 kurudisha fedha, kama haijaharibika. Mji wako ukishaonyesha una wanywaji hao, inunue.

Vibali: fuata mpangilio huu

1. Namba ya NIDA, bila hiyo mengine hukwama.
2. TIN kutoka TRA. Hutolewa bure. Beba mkataba wa fremu. Uliza hapohapo utakadiriwa kodi kiasi gani na kama mauzo yako yanakutaka uwe na mashine ya risiti, EFD. Viwango hubadilishwa na bajeti ya Juni, hivyo usitumie vya rafiki wa miaka mitatu iliyopita. Anayetunza kumbukumbu za mauzo hukadiriwa tofauti na asiyetunza.
3. BRELA, kama utatumia jina la biashara lisilo jina lako. Usajili hufanyika kwa mtandao.
4. Ofisa afya wa kata au halmashauri. Atakagua choo, maji, sakafu, mahali pa kuoshea vyombo na taka. Mwite kabla ya kupaka rangi ili akisema sinki lihamishwe usibomoe mara mbili. Wewe na msaidizi wako mtapimwa afya, na vipimo hurudiwa kila baada ya miezi sita.
5. Leseni ya biashara ya halmashauri, inayoombwa siku hizi kupitia mfumo wa TAUSI. Ofisa biashara atakusaidia kama huna kompyuta.
6. TBS, hasa ukipanga kufungasha kahawa yenye jina lako na kuiuza madukani. Tangu Julai 2019 usalama wa chakula uko chini ya TBS, kazi iliyokuwa ya TFDA. SIDO ya mkoa huwaelekeza wajasiriamali wadogo kwenye hatua hizo.

Dai risiti kwa kila malipo, na zitunze kwenye bahasha moja.

Mtaji, mkopo na daftari

Gawa mtaji wako mara tatu: wa kufungulia, wa kuendeshea, na akiba ya miezi mitatu ya gharama za kudumu. Katika mfano wetu, bila kuhesabu ujira wako, gharama hizo ni 400,000 kwa mwezi, kwa hiyo akiba ni milioni 1.2. Kama akiba hiyo haipo, endelea na dele mpaka ipatikane. Dele si aibu. Dele linakulipa wakati unajifunza.

Kwa anayehitaji kukopa, kikoba au SACCOS inayokujua ni mahali pa kwanza. Halmashauri nazo hutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba kwa vikundi: asilimia 4 wanawake, 4 vijana, na 2 watu wenye ulemavu. Mikopo hiyo ilisimamishwa mwaka 2023 na ikarejeshwa mwaka uliofuata. Ofisa maendeleo ya jamii wa kata ndiye wa kumwona.

Kimbia mikopo ya kausha damu. Ukichukua milioni moja kwa riba ya asilimia 20 kwa mwezi, riba peke yake ni 200,000: ujira wako wote katika mfano wetu, kila mwezi, na deni bado liko palepale. Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018 inamtaka mkopeshaji awe na leseni. Omba uione.

Ukishafungua, mali bila daftari hupotea bila habari. Andika kila kikombe, pamoja na vya bure. Vikombe vitano kwa siku vya ndugu na marafiki, kwa gharama ya wastani ya 500, ni 65,000 kwa mwezi. Hiyo inazidi bili yako ya umeme na maji. Wakaribishe, lakini jua unawakaribisha kwa kiasi gani. Kuhusu wanaokopa, wahenga walisema kukopa harusi, kulipa matanga. Weka lipa namba ukutani ili asiye na chenji asipate sababu, na fedha ya biashara usiichanganye na ya nyumbani.

Ukiajiri, mwandikie makubaliano na uulize kwa ofisa kazi kima cha chini cha mshahara cha sekta yako, kwa sababu hupangwa na serikali. Mfundishe kupima kwa mzani. Kijiko chake kikiwa kikubwa kuliko chako, gramu 12 zinakuwa 16, na kilo iliyokupa vikombe 80 inakupa 60.

Kabla ya kulipia fremu, jibu haya

- Nimeuza kwa wiki nne, na wiki moja kwa bei ya mgahawani?
- Nimepima pia mwezi wa ukata?
- Kikombe kimoja kinaniachia shilingi ngapi?
- Ninahitaji vikombe vingapi kwa siku, nikijilipa na mimi?
- Daftari linaonyesha ninavifikia?
- Nina akiba ya miezi mitatu ambayo sitaigusa?
- Ofisa afya ameiona fremu?
- Kahawa yangu inatoka kwa mtu mwenye leseni?

Ukijibu ndiyo kwa yale ya ndiyo, na zile namba mbili zikapatana, lipia fremu. Zisipopatana, umepoteza wiki chache na mkaa wa magunia mawili, na fedha ya shamba bado iko mkononi mwako.